Kalenda ya kila mwanachama kutoka kwenye hifadhidata: gridi isichorwe, ihesabiwe

Katibu wa Chama, Umoja (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Kalenda nyingi zinazotundikwa ukutani hapa Nairobi ni zile tunazopewa mwisho wa mwaka na maduka ya vifaa vya ujenzi, makanisa na kampuni za bima: picha kubwa juu, miezi 12 chini, na tarehe zile zile kwa kila anayepokea. Uzi huu unahusu kalenda ya aina nyingine, yaani ile ambayo kila mwanachama wa chama cha akiba anapata nakala yenye zamu yake ya mzunguko, tarehe zake za kurejesha mkopo na siku za mikutano, bila katibu kuandika chochote kwa mkono. Habari hizo zote tayari zimo katika hifadhidata ya chama. Kuzinakili upya katika programu ya kuandikia barua ni kujitafutia makosa.

Sisi tunatumia Microsoft Access, ambayo ilitoka mwaka 1992 na ambayo imo katika tarakilishi nyingi za ofisi jijini hata kama wenye tarakilishi hizo hawajawahi kuifungua. Access hutoa orodha, lebo na ripoti za kila namna, lakini haina kalenda ya mwezi iliyo tayari kuchapishwa. Ndipo watu hufungua ripoti tupu, wakachora masanduku, kisha wakahangaika kutafuta namna ya kuziingiza tarehe ndani ya masanduku hayo. Mimi nashauri mwende kinyume. Gridi ihesabiwe na hoja (yaani lile swali tunaloyauliza majedwali ili yatoe rekodi tunazotaka), na ripoti ibaki na kazi ya kuonyesha majibu tu.

Kwa Access, tarehe ni nambari. Sifuri ni tarehe 30 Desemba 1899, kila siku inayofuata huongeza moja, na saa za siku huhifadhiwa kama desimali. Kwa sababu hiyo kujumlisha 7 ni kusogea wiki moja mbele, na huna haja ya kuiambia programu mwezi una siku ngapi. Unachohitaji ni kuipata Jumatatu ambayo mstari wa kwanza wa gridi unaanzia, hata kama Jumatatu hiyo imo katika mwezi uliotangulia:

Kwanza: DateSerial([Mwaka], [Mwezi], 1)
Mwanzo: [Kwanza] - Weekday([Kwanza], 2) + 1

DateSerial huunda tarehe kutokana na mwaka, mwezi na siku, na Weekday hutoa nambari ya siku katika wiki. Ile 2 inaiambia programu kwamba wiki inaanza Jumatatu. Ukiiacha, itaanza Jumapili. Chukua Agosti 2027, ambayo tarehe 1 yake ni Jumapili. Weekday inatoa 7, hesabu inarudi nyuma siku sita, na gridi inaanza Jumatatu ya tarehe 26 Julai.

Baada ya hapo tengeneza jedwali dogo liitwalo Nambari, lenye safu moja na rekodi 42, kuanzia 0 hadi 41. Liingize katika hoja bila kuliunganisha na jedwali lolote, kisha uombe jumla ya Mwanzo na Nambari. Utapata tarehe 42 zinazofuatana, yaani mistari sita ya siku saba. Mistari sita inahitajika kwa sababu, kwa mfano, mwaka 2027 Mei inaanza Jumamosi na Agosti inaanza Jumapili, na zote zina siku 31, hivyo zote mbili zinamwagikia mstari wa sita. Februari ya mwaka huo huo inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Inaenea katika mistari minne kamili. Mstari ambao siku zake zote ziko nje ya mwezi huondolewa kwa sharti moja ndani ya hoja.

Mstari wa kila tarehe unapatikana kwa kuigawanya Nambari kwa 7 na kuliacha baki, na safu yake ni Weekday. Ukishakuwa na viwili hivyo, tumia ile aina ya hoja inayogeuza rekodi kuwa safu, ambayo kwa SQL (lugha ya kuandikia hoja) huanza na TRANSFORM na kuishia na PIVOT. Mwishoni mwa PIVOT zitaje safu zote saba kwa IN (1,2,3,4,5,6,7). Usipozitaja, safu isiyo na rekodi haitatokea, na ripoti iliyokuwa ikiisubiri italalamika.

Mwalimu wa Tarakilishi, Kasarani

Asante, Katibu, kwa maelezo yaliyonyooka. Hata hivyo, mimi huwafundisha wanafunzi wangu njia hiyo unayoikataa, na nina sababu. Ripoti yenye masanduku 42 yaliyopewa majina kwa mpangilio, kuanzia S0 hadi S41, hujazwa na msimbo mfupi wa VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Access), na kila sanduku unaweza kulipaka rangi yake, kulificha au kulikuza bila kuuliza mtu. Hoja ya PIVOT ina kiburi chake. Ukiipa kigezo kinachotoka kwenye fomu bila kukitangaza kwanza kwa PARAMETERS (mstari wa mwanzo wa hoja unaotaja vigezo vyake), inakataa kukitambua, ilhali hoja ya kawaida ingekipokea bila neno. Mwanafunzi anayekutana na ujumbe huo wa kosa kwa mara ya kwanza hupoteza asubuhi nzima.

Swali langu la pili ni zito zaidi. PIVOT inaweka thamani moja tu katika kila kijisanduku. Siku yenye mkutano, marejesho ya mkopo na siku ya kuzaliwa utaifanyaje?

Katibu wa Chama, Umoja

Mwalimu, masanduku 42 yanafaa sana ukichapisha mwezi mmoja. Shida ni unapotaka miezi yote 12 kwa mpigo, na kwa kila mwanachama: msimbo unapaswa kujaza masanduku upya kila ukurasa unapoumbwa, na katibu atakayenirithi atalazimika kusoma VBA kabla ya kubadilisha hata neno moja. Katika njia ya hoja, unaongeza jedwali jingine la miezi 1 hadi 12, unapata rekodi 504, unaipanga ripoti kwa makundi ya mwezi na kuagiza ukurasa mpya mwanzoni mwa kila kundi. Rangi za Jumapili na sikukuu unazipata kwa uumbizaji wa masharti, ambao haudai msimbo.

Kuhusu matukio mengi katika siku moja, hapo ndipo msimbo haukwepeki, na nusu ya ushindi ni yako. Hoja za Access hazina njia yao ya kuyaunganisha maandishi ya rekodi kadhaa yawe maandishi mamoja. Inabidi kuandika tendakazi fupi (kipande cha msimbo kinachopewa habari na kurudisha jibu) inayopokea tarehe na namba ya mwanachama, inayoyafungua matukio ya siku hiyo yakiwa yamepangwa kwa saa, na kuyaunganisha moja chini ya jingine. Kati ya tukio na tukio weka Chr(13) na Chr(10) kwa pamoja na kwa mpangilio huo. Ukiweka moja peke yake, kisanduku cha maandishi hakivunji mstari. Tendakazi hiyo ndiyo inayoitwa baada ya TRANSFORM.

Matukio ya siku nyingi, kama semina ya siku tatu, yasiandikwe mara tatu. Jedwali la matukio liwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na uunganishaji uwe wa sharti kwamba tarehe ya gridi iko kati ya hizo mbili. Dirisha la kuchorea hoja haliwezi kuonyesha uunganishaji wa namna hiyo, kwa hiyo andika SQL moja kwa moja. Tena uwe uunganishaji wa kushoto, la sivyo siku zisizo na tukio zitatoweka na gridi itakuwa na mapengo.

Mikutano inayojirudia nayo isiandikwe hata kidogo. Chama chetu hukutana Jumapili ya pili ya mwezi, na Jumapili ya pili haiwezi kuwa kabla ya tarehe 8 wala baada ya tarehe 14. Sharti la kwamba siku ni Jumapili na tarehe iko kati ya 8 na 14 linaleta mikutano yote ya mwaka.

Mgeni, Kayole

Wakubwa, samahani kuwakatiza. Nimefuata maelezo na gridi imekuja vizuri, ila marejesho ya tarehe 3 Aprili yanatokea tarehe 4 Machi, na yale ya tarehe 13 Aprili yanatokea mahali pake. Kipakatalishi changu kimewekwa mpangilio wa Kenya, siku kwanza na mwezi baadaye. Nimekagua jedwali na tarehe zilizomo ni sahihi.

Mwalimu wa Tarakilishi, Kasarani

Ndugu, hujatukatiza, swali lako linawahusu wote wanaoandika SQL ya Access nje ya Marekani. Jedwali na fomu hufuata mpangilio wa tarakilishi yako, lakini tarehe iliyoandikwa ndani ya SQL kati ya alama za # husomwa kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza, hata kama Windows imewekwa mpangilio wa Kenya. Kwa hiyo #03/04/2027# ni tarehe 4 Machi. Kinachowapoteza watu ni kwamba #13/04/2027# haiwezi kusomwa hivyo kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, basi programu inageuza yenyewe na kukupa jibu sahihi kimya kimya. Matokeo yake ni kwamba tarehe za 1 hadi 12 zinaharibika na zilizobaki zinapona, na mtu anaijaribu kazi yake kwa tarehe 25 na kuridhika.

Dawa ni kuandika mwaka kwanza: #2027-04-03#. Katika VBA, kabla ya kuibandika tarehe ndani ya SQL, ipitishe kwenye Format yenye mpangilio wa "yyyy-mm-dd". Nadhani tendakazi yako ya kuunganisha matukio ndiyo inayobandika tarehe bila kuiumba hivyo.

Mgeni, Kayole

Ndiyo hiyo hasa, Mwalimu. Imetulia sasa. Swali la mwisho: sikukuu mnazitoa wapi?

Katibu wa Chama, Umoja

Sikukuu ndizo zinazoziharibu kalenda nyingi, na sababu ni kwamba huandikwa kwenye ripoti badala ya kuwekwa katika jedwali lake. Hata jina linaweza kubadilika: tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni Siku ya Mazingira. Weka jedwali lenye siku, mwezi na jina kwa zile zisizohama, yaani Mwaka Mpya, Siku ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei, Madaraka tarehe 1 Juni, Mazingira, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba, Krismasi na tarehe 26 Desemba. Mwaka hauhitajiki humo, DateSerial itaujaza.

Kisha kuna kanuni ya Jumapili. Kwa mujibu wa Sheria ya Sikukuu za Umma, sikukuu kama hizi ikiangukia Jumapili, siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu nayo huwa ya mapumziko. Anayetengeneza kalenda ya 2027 atakutana na kanuni hii mara tatu, kwa sababu tarehe 10 Oktoba, 12 Desemba na 26 Desemba zote ni Jumapili. Mapumziko yatakuwa Jumatatu ya tarehe 11 Oktoba, 13 Desemba na 27 Desemba. Mtu atashawishika kuandika "ongeza moja" na kumaliza. Asifanye hivyo. Krismasi ikiwa Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na itakavyokuwa 2033, Jumatatu yake tayari ni sikukuu, kwa hiyo mapumziko yanasogea hadi Jumanne ya tarehe 27. Hoja inapaswa kuuliza kwanza kama siku inayofuata imo tayari katika jedwali.

Pasaka inahitaji tendakazi yake, kwa kuwa inafuata mwezi mpevu wa kikanisa, lakini ukishaipata Jumapili yenyewe kazi imekwisha: toa 2 upate Ijumaa Kuu, ongeza 1 upate Jumatatu ya Pasaka. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo mapumziko ni tarehe 26 na 29. Tumieni mwaka huo kujaribu tendakazi zenu.

Idd-ul-Fitr na Idd-ul-Azha nazo haziingii katika fomyula yoyote ya kutegemewa, maana moja hungoja kuandama kwa mwezi na nyingine hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwangu zina jedwali la pekee lenye tarehe kamili na safu ya ndiyo au hapana iitwayo Imethibitishwa. Ikiwa bado ni hapana, ripoti huichapisha kwa herufi za mlazo na neno "huenda" mbele yake. Kalenda inayotaja tarehe ya Idd kwa uhakika mwaka mzima kabla haijafika inamdanganya msomaji.

Kuna faida moja ya kuviweka vyote katika hoja moja ambayo sikuitaja hapo juu. Nilipotoa gridi ya 2027, mkutano wetu wa Oktoba uliangukia Siku ya Mazingira na ule wa Desemba uliangukia Jamhuri yenyewe, kwa kuwa tarehe 10 Oktoba na 12 Desemba zote ni Jumapili za pili. Hoja ndogo ya kutafuta migongano iliyaonyesha hayo kabla karatasi hata moja haijachapishwa, na kamati imepata muda wa kutosha kuamua.

Mtumiaji wa LibreOffice, Rongai

Kwa wale ambao hawana Access: LibreOffice Base ni ya bure na mantiki ya Katibu inafanya kazi humo pia, ila mjue tofauti zake. Haina PIVOT. Unaziandika safu saba wewe mwenyewe, kila moja ikiwa MAX (thamani kubwa kuliko zote) ya CASE (sharti) inayouliza kama siku ni ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Ni maandishi marefu lakini yanaeleweka. Ukitumia HSQLDB, injini ya hifadhidata iliyomo ndani yake, hakuna tendakazi ya kuunganisha maandishi ya rekodi nyingi. Ukitumia Firebird, injini nyingine, ipo, nayo inaitwa LIST, na tatizo la matukio matatu katika siku moja linaisha hapo hapo bila msimbo. Mimi huitoa gridi ikiwa jedwali tu, nikaimimina Calc (programu ya lahajedwali ya LibreOffice) na kuipamba huko, kwa sababu kiundaji cha ripoti cha Base kina subira ndogo kuliko yangu.

Mpiga Chapa, River Road

Nimesoma yote kwa makini kwa sababu kila Novemba na Desemba faili za namna hii huletwa dukani kwangu, na nyingi hurudishwa. Niruhusuni niseme ya karatasi.

Kwanza ni upana. A4 iliyolazwa ina sentimita 29.7. Ukiacha pambizo za sentimita 1.5 kila upande, unabaki na 26.7, na safu saba za sentimita 3.8 ni 26.6. Hapo umeenea. Ukivuta ripoti kulia hata kidogo ikapita upana huo, Access itakutolea ukurasa mtupu baada ya kila ukurasa wenye maandishi, na mteja anadhani printa yangu ni mbovu. Kimo nacho: katika sentimita 21, ukitoa pambizo hizo hizo, jina la mwezi na majina ya siku, mistari sita ya sentimita 2.4 inaingia bila kubanana. Pangeni kwa mistari sita, si mitano, la sivyo Mei na Agosti zitamwaga mstari wao wa mwisho kwenye ukurasa wa pili.

Pili ni mistari ya gridi. Kisanduku cha maandishi kikiruhusiwa kukua, kinakua chenyewe, lakini mpaka wa jirani yake haukui nacho, na gridi inakuwa na ngazi. Ama fungeni kimo cha visanduku vyote na kupunguza ukubwa wa herufi, ama muondoe mipaka ya visanduku na kuichora mistari kwa amri ya Line wakati ukurasa unachapishwa. Mimi napenda ya kwanza. Tukio lisiloenea katika sentimita 2.4 ni barua, lipelekwe kama barua.

Tatu ni namna ya kuchapisha. Kalenda zinazofanana zote, nakala mia kadhaa, tunazipeleka kwenye mashine ya ofseti yenye sahani (bamba lenye sura ya ukurasa mzima), na bei ya kila nakala inashuka kadiri idadi inavyopanda. Kalenda ambayo kila nakala ina jina na tarehe tofauti haiwezi kwenda huko, kwa maana kila nakala ingedai sahani yake. Wateja wangu wenye akili huchapisha kwanza, kwa ofseti, karatasi zenye picha, nembo na fremu peke yake, kisha gridi ya kila mwanachama inapigwa juu yake kwa printa ya leza. Picha yenyewe iandaliwe kwa programu ya kupangia kurasa, ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa. Ripoti ya Access haijui mambo hayo. Gridi ileteni ikiwa PDF, wala msilete faili ya hifadhidata yenyewe.

Na msichague karatasi inayong'aa kwa sababu tu inapendeza mkononi. Kalamu ya wino haishiki vizuri juu yake, na mwanachama wa chama anataka kuandika "nimelipa" ndani ya kisanduku.

Mweka Hazina, Buruburu

Nashukuru kwa somo. Nina wasiwasi mmoja na swali moja. Wasiwasi wangu ni kwamba kalenda hutundikwa sebuleni, na kila mgeni huisoma. Je, ni sawa kuandika kiasi cha mkopo na nambari za simu za wenzetu? Swali langu ni kama ni lazima ninunue Access ili nichapishe kalenda hizi Katibu akiwa safarini.

Katibu wa Chama, Umoja

Dada Mweka Hazina, wasiwasi wako una msingi. Tangu kuwe na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari ambazo mwanachama alizitoa kwa ajili ya daftari la chama hazipaswi kutapakaa kwa matumizi mengine bila ridhaa yake. Kwenye kalenda zangu marejesho huonekana kama neno "marejesho" bila kiasi, tena katika nakala ya mkopaji peke yake. Siku za kuzaliwa huchapishwa kwa waliokubali tu, bila mwaka. Safu ya ridhaa imo katika jedwali la wanachama na hoja huiheshimu. Nambari za simu hazimo kabisa.

Kuhusu kununua, huna haja. Microsoft hutoa Access Runtime bila malipo. Haikuruhusu kubadilisha ripoti wala hoja, lakini fomu zinafunguka na ripoti zinachapishwa. Nitaiweka faili ya fomu na ripoti katika kipakatalishi chako, majedwali yabaki kwenye tarakilishi ya ofisi, na utakuwa na kitufe kimoja kinachompitia kila mwanachama na kuhifadhi PDF yake kwa amri ya OutputTo, jina la faili likiwa namba ya uanachama na mwaka. Hakikisha tu kwamba Runtime unayoiweka inalingana na Office iliyomo kwa upande wa biti, 32 au 64, maana hazikai pamoja zikitofautiana.